Khabari Itangulie Saruji

Akaaye kando ya barabara kuu hapa Sitalike, mahali ambapo magari yatokayo Mpanda husimama kidogo kwa chai na maji kabla ya kushika njia ikatayo Hifadhi ya Taifa ya Katavi, hujifunza kuwatambua wasafiri kwa mizigo yao hata kabla hawajateremka. Mtalii huja na kamera na kofia pana, akauliza walipo viboko wa Mto Katuma. Mchuuzi huja na magunia na matenga. Mtumishi aliyehamishwa huja na lori la kukodi, na juu ya lori hilo, chini ya turubai lililokazwa kwa kamba, huchungulia miguu ya kitanda, mtungi wa gesi, ndoo zilizopangwa moja ndani ya nyingine, baiskeli ya mtoto isiyo na kanyagio moja, na aghalabu kopo la rangi lenye mche wa ua au wa mlimao, ambao mama wa nyumba amekataa katakata kuuacha kule walikotoka.

Malori ya namna hiyo nimeyaona mengi, maana mkoa wetu wa Katavi, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, ungali ukijengwa, na kila ofisi inayofunguliwa huita watu wake. Hapo zamani walioitwa walikuwa waganga, walimu, askari wa wanyamapori, na mafundi wa reli ile iliyofika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi. Siku hizi miongoni mwao wamo watu wa vyuo vikuu. Ng'ambo ya hifadhi, katika Kibaoni ya Mpimbwe, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina kampasi iliyopewa jina la Waziri Mkuu mstaafu Mizengo Pinda, mwana wa nchi hii, na majengo yake yanaongezwa kwa fedha za ule mradi wa elimu ya juu ambao kwa ajili yake taifa letu lilikopa Benki ya Dunia Dola za Marekani milioni 425 mwaka 2021. Kwa mradi huo huo chuo kikuu cha Muhimbili kinakwenda Kigoma, Dodoma inakwenda Njombe, Dar es Salaam inakwenda Kagera na Lindi, na chuo kikuu cha Mbeya kinajitanua Rukwa. Ni neema ya kushukuriwa. Mtoto wa Mpimbwe ambaye baba yake aliamini kwamba chuo kikuu ni kitu cha kusikilizwa redioni, leo anaweza kukiendea kwa baiskeli.

Walakini kila nionapo lori lenye kopo la mlimao, hunijia swali moja ambalo halimo katika hotuba za uzinduzi: mtu huyu aliambiwa lini?

Rai yangu, nami naitoa mapema, ni kwamba chuo kikuu kinapobadilika, kikahama, kikaunganishwa, kikagawanyika au kikapewa muundo mpya wa kazi, deni la kwanza la kiongozi kwa watumishi wake ni khabari ya kweli iliyofika kwa wakati, na deni la pili ni yeye mwenyewe kutangulia kufika pale anapowapeleka. Madeni hayo mawili yakilipwa, watumishi watastahimili nyumba ndogo, maji haba na mshahara uleule. Yasipolipwa, hata majengo yakiwa ya ghorofa nne yenye vioo vya kung'aa, ndani yake watakaa watu ambao miili yao imeripoti kazini na roho zao zingali njiani.

Jembe lile lile, waajiri watatu

Tusidhani kwamba mabadiliko ya vyuo ni jambo la jana. Tumchukue kijana wa kufikirika aliyeajiriwa Morogoro mwaka 1965 kulitunza shamba la mafunzo la chuo cha kilimo kilichokuwa kikitoa stashahada. Kabla hajazaa mtoto wa pili, chuo chake kimekuwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho nacho kilikuwa kimejitenga tarehe 1 Julai 1970 na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Makerere wakienda zao na Nairobi wakienda zao. Kabla mtoto huyo hajamaliza shule, tarehe 1 Julai 1984, kitivo kimekuwa chuo kikuu kamili, nacho kimepewa jina la Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili mwaka huo huo, si mbali na Morogoro yenyewe. Kijana wetu, ambaye sasa ni mzee wa makamo, hajahama nyumba, hajabadili jembe, hajaacha kuamka alfajiri kufungulia maji ya mifereji. Lakini amekwisha kuwa mtu wa vyuo vitatu, na huenda mara zote mbili alizipata khabari hizo kwa mwenzake aliyekuwa akinoa panga.

Au tuwatazame waliokuwa Mkwawa, Iringa, na Chang'ombe, Dar es Salaam, mwaka 2005, pale shule ya sekondari na chuo cha ualimu vilipofanywa vyuo vishiriki vya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa mwanafunzi aliyekuja kusoma shahada hiyo ilikuwa furaha tupu. Kwa karani aliyezoea kuandika orodha ya wanafunzi wa kidato cha tano, kwa mpishi aliyejua kiasi cha maharage ya watoto mia nne, kwa mtunza ghala ambaye daftari lake lilikuwa na safu tatu tu, jua lilichomoza siku moja likawakuta katika nchi nyingine yenye maneno mengine: seneti, ndaki, rasi, muhula, udahili. Hapana aliyewahamisha, na bado walikuwa wamehamishwa. Chuo cha Ushirika Moshi, kilichoanza mwaka 1963, kikawa chuo kishiriki cha Sokoine mwaka 2004, kisha chuo kikuu kinachojitegemea mwaka 2014, nacho kimepita njia hiyo hiyo.

Nayataja haya kwa sababu wakubwa wengi hudhani kwamba mabadiliko ni ya yule tu aliyepandishwa lori. Sivyo. Mtu huweza kuhamishwa akiwa ameketi kwenye kiti chake. Jina la chuo likibadilika, ngazi ya kupanda cheo hubadilika, mkubwa wa kumwomba ruhusa hubadilika, fomu hubadilika, na pengine hata kile alichokuwa akikijua kuliko wote katika jengo lile hugeuka kuwa kitu kisichoulizwa tena na mtu yeyote. Huo ndio msiba wa kimya wa watumishi wa vyuo, na hauna posho.

Jalada lililofungwa kwa uzi

Naomba msomaji aniwie radhi nikisimulia niliyoyaona kwa macho yangu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa karani wa masijala katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, maana waliokiongoza wakati ule wengine wametangulia mbele ya haki na wengine ni wazee wanaostahili heshima yao. Masijala ni chumba ambacho barua zote hupita, na kwa hiyo watu hudhani kwamba karani wa masijala ni wa kwanza kujua kila kitu. Siku moja, saa mbili usiku, nikiwa nyumbani nakula ugali na dagaa, nilisikia katika taarifa ya khabari ya redio kwamba chuo chetu kitaunganishwa na kingine cha mkoa wa mbali, na baadhi ya idara zitahamia huko. Mke wangu alikiacha kijiko mezani, akanitazama. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba Asha, ulikuwa unajua ukanificha?" Sikuwa najua. Hakuniamini, wala simlaumu, kwa maana ni mke gani angeamini kwamba mwajiri atayaambia mataifa kabla hajamwambia mtu anayefungua barua zake?

Asubuhi yake kazi haikufanyika. Watu walisimama makundi makundi chini ya mwembe. Wiki tatu zilipita pasipo mkubwa yeyote kusema neno, na katika wiki hizo tatu nilijifunza kwamba khabari ni kama maji: isipopita katika mfereji iliochimbiwa, hupita inakotaka. Mmoja alisema wenye umri wa zaidi ya miaka hamsini watapunguzwa wote. Mwingine akasema mkopo wa nyumba utadaiwa kwa mara moja. Mhudumu wa maabara, mtu mpole aliyekitumikia chuo tangu kilipofunguliwa, aliuza ng'ombe wake wawili kwa bei ya kutupa, akaomba kustaafu mapema, akaenda kwao. Barua ilipokuja hatimaye, ikiwa na yale maneno tunayoyajua sote, "kwa manufaa ya umma", idara yake haikuwemo kabisa miongoni mwa zile zilizohamishwa.

Kilichofuata ndicho hasa nitakacho kusema. Mwezi wa nane wa mwaka ule bomba lilipasuka chini ya maabara, maji yakafurika mpaka kwenye stoo ya kemikali, na mafundi watatu wakachimba siku nne wakitafuta koki ya kufungia, wasiione, kwa sababu ramani ya mabomba haikuwako katika jalada lolote. Nililileta mwenyewe jalada la majengo, nikafungua uzi wake mwekundu, tukapekua karatasi moja moja. Ilikuwamo risiti ya rangi, ilikuwamo barua ya mzabuni wa madawati, ramani haikuwamo. Ramani ilikuwa kichwani mwa yule mhudumu, naye wakati ule alikuwa kijijini kwao akipalilia mihogo, ameondoka kwa kuogopa jambo ambalo halikumhusu. Alipelekewa ujumbe. Akajibu kwa adabu, akieleza kwamba koki iko hatua saba kutoka kona ya mashariki, chini ya kigae kilichopasuka.

Ni senti ngapi ingegharimu kumwambia mtu yule, wiki ya kwanza, maneno haya: "Mzee, wewe hutaguswa"?

Pengo la khabari halikai tupu

Waswahili walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wakubwa wa vyuo vyetu, nami nimewaona wengi na sisemi kwamba ni watu wabaya, huficha khabari aghalabu kwa nia njema. Husema, "Tungoje uamuzi ukamilike, tusiwatie watu taharuki." Wasichokijua ni kwamba taharuki imekwisha kuingia siku wageni wenye suti walipoonekana wakipima kiwanja. Mtumishi hahitaji kuambiwa kila kitu kwa sababu tu ni mtumishi. Anachohitaji ni kutenganishiwa mambo mafungu matatu: haya yamekwisha kuamuliwa, haya bado yanajadiliwa, na haya hatuyajui nasi, tutawaambia tarehe fulani. Kisha tarehe fulani ifikapo, aambiwe, hata kama la kuambiwa ni kwamba bado. Kiongozi anayekuja mbele ya watu kusema "bado" anajenga imani kuliko yule anayekuja na kabrasha la picha za majengo yaliyochorwa kwa kompyuta yenye miti ya kijani na watu weupe wanaotembea.

Tena si kwamba nchi yetu haikuliona jambo hili. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alitoa Waraka wa Rais namba 1, ulioagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma, ili mtu wa chini apate kuketi na mkubwa wake wakazungumza habari za kazi yao. Mabaraza hayo yangaliko, vyuo vikuu vinayo. Swali ni yaitwapo, huitwa kwa jambo gani na wakati gani. Baraza linaloitwa kupitishiwa lililokwisha kutiwa sahihi si baraza, ni hadhira. Na wajumbe wake hurudi idarani wakiwa na aibu, kwa kuwa wenzao huwauliza, "Mlisema nini?", nao hawana la kujibu isipokuwa kwamba walipewa soda.

Mlimani walilijaribu jambo hili kwa namna yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa hoi kwa uhaba wa fedha, na wahadhiri wake wengi walikuwa wamekimbilia nchi nyingine kutafuta riziki. Chini ya Makamu Mkuu wa Chuo Profesa Matthew Luhanga, aliyeshika uongozi mwaka 1991 na kuuacha mwaka 2006, likatungwa shauri kubwa la kukigeuza chuo, na kila mwaka ukaitwa mkutano wa mashauriano ambamo chuo, serikali na wafadhili walielezana walipofika na palipowashinda. Luhanga na wenzake wanne, akiwemo Profesa Daniel Mkude, waliyaandika hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 2003. Nawapa heshima kwa kuandika, kwa sababu viongozi wetu wengi huondoka na mafunzo yao vifuani. Lakini katika mageuzi yale huduma kama mapishi ya wanafunzi zilitoka mikononi mwa chuo zikaenda kwa wazabuni, nasi tunapoyasimulia tunataja udahili ulioongezeka na majengo yaliyosimama, mara chache tukamtaja mwanamke aliyeshika mwiko wa chuo miaka ishirini, akarudi nyumbani siku moja akiwa hana mwiko. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Mfano ulio karibu zaidi na kila nyumba ni wa mafao. Mwaka 2018 mifuko minne ya hifadhi ya jamii, PSPF, PPF, LAPF na GEPF, iliunganishwa ikawa PSSSF, na kanuni mpya ya kikokotoo ikataka mstaafu apewe robo tu ya mafao yake kwa mkupuo, zinazobaki alipwe kila mwezi. Huenda wataalamu walikuwa na hoja zao za hesabu. Lakini mtu aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu alikuwa amekwisha kuipanga fedha ile: hii bati, hii saruji, hii ada ya mjukuu. Kilio kikawa kikubwa hata Rais John Magufuli akaisimamisha kanuni hiyo mwezi Desemba mwaka huo huo, na mwaka 2022 ikaja nyingine ya asilimia 33. Nani anaweza kukadiria ni nyumba ngapi zilizokosa usingizi katika miezi ile, na ni wazee wangapi waliolazwa hospitali kwa shinikizo la damu kwa kuyapata mambo ya uzee wao katika magazeti?

Malkia wa nyuki huhama na kundi

Katika kampasi ile ya Kibaoni husomwa, pamoja na mambo mengine, elimu ya nyuki, na mahali pake hasa ni hapa, kwa kuwa misitu ya miombo ya Katavi imekuwa ikitoa asali tangu enzi za mababu, na mtu wa Inyonga hahitaji mhadhiri wa kumwambia mzinga utundikwe katika mti gani. Basi niruhusiwe kuchukua mfano kwa nyuki. Kundi la nyuki likijaa mzingani likataka kugawanyika, halirukii porini kwa kubahatisha. Kwanza hutoka wachache, nyuki wazee waliozoea kuruka mbali, wakakagua mapango ya miti, wakapima uwazi wake, wakarudi wakawaeleza wenzao kwa kucheza, na kundi husubiri likining'inia kwenye tawi mpaka wale wajumbe wakubaliane. Na tena, jambo ambalo wengi hawalijui, anayehama na kundi ni malkia mzee. Kijana hubaki katika nyumba iliyokwisha kujengwa, yenye asali. Mkubwa ndiye aendaye pasipo na kitu.

Sisi binadamu wa maofisi tumefanya kinyume. Mahali pagumu tunawatanguliza wadogo: mhadhiri msaidizi aliyeajiriwa juzi, karani asiye na mtu wa kumsemea, dereva aliyewahi kugombana na mkubwa wake. Ndiyo maana uhamisho wa kwenda mkoani umekuwa, katika midomo ya watumishi, sawa na adhabu, na mtu akiambiwa "unakwenda Katavi" wenzake humpa pole. Pole ya nini? Nchi hii ina mvua, ina mpunga, ina samaki, ina watu wakarimu. Kilichoifanya ionekane jela ni namna watu walivyoletwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na kampasi inayoongozwa kwa simu kutoka mahali ambapo kufika kwake ni safari ya basi ya mchana na usiku haiongozwi. Siku mkuu wa kitivo atakapolala Kibaoni majuma mawili, akachota maji pale wanapochota watumishi wake, akajua duka linafungwa saa ngapi na zahanati ina dawa gani, barua zake zote zitabadilika lugha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Napenda pia kuwe na insafu kwa upande wa pili. Watumishi nao wana dhambi zao. Wapo wapingao kila jambo kwa sababu tu ni jipya, walioyageuza maneno ya wazee ya kutoacha mbachao kwa msala upitao kuwa kinga ya uvivu. Ulipoletwa mfumo wa PEPMIS wa kupima utendaji kwa kompyuta badala ya zile fomu za OPRAS, nimesikia watu wenye shahada mbili wakilalamika kama watoto walionyang'anywa mpira. Lakini nimemwona pia mama mmoja, mhudumu wa ofisi, akiwa na miwani iliyofungwa kwa uzi, akimpa mwanawe wa kidato cha pili simu amjazie kazi alizofanya wiki nzima, kwa kuwa hapana ofisini aliyempa hata saa moja ya kumfundisha. Mtoto akamwuliza, "Mama, niandike umefanya nini?" Akajibu, "Andika nimefagia." Mtoto akaandika hivyo. Wala hapana neno moja juu ya chai aliyoiandaa kwa vikao kumi na vinne, funguo alizozitunza, wageni aliowaelekeza, na mwanafunzi mgonjwa aliyemshika mkono mpaka hospitali. Mabadiliko yaliyoletwa bila mafunzo yalikuwa yamempunguza mama yule, mbele ya mwanawe, yakamfanya ufagio.

Ahali, ada na dawa

Mwenye kupanga mageuzi ya chuo huandika "watumishi 40". Mwenye kukaa kando ya barabara haoni watumishi arobaini. Anaona nyumba arobaini. Katika kila nyumba yumo mume au mke mwenye kazi yake mahali pengine, ambaye uhamisho wake wa kumfuata mwenzi utachukua miaka mitatu ya barua. Yumo mtoto wa darasa la saba ambaye hapasi kuhamishwa mwezi wa sita. Yumo bibi anayechukua dawa za kisukari kila mwezi katika hospitali ya rufaa. Kuna kibanda cha duka kilichokuwa kikilipa ada. Kuna kiwanja kilichomwagiwa msingi. Mishahara ya watumishi wa chini wa vyuo haikupata kutosha, na kilichowaweka mjini ni hivyo vibanda, bustani za mchicha na kuku wa mayai. Unapomhamisha mtu huyo kwa notisi ya wiki mbili, na posho ya uhamisho ikaja baada ya miezi, hukumhamisha tu: umemfilisi.

Ndiyo maana nasisitiza wakati. Mtu aliyeambiwa mwezi wa kwanza kwamba atahama mwezi wa kumi na mbili atavuna mchicha wake, atauza kuku wake kwa bei ya haki, atamwacha mtoto afanye mtihani, ataitafutia nyumba yake mpangaji. Mtu yule yule akiambiwa mwezi wa kumi na moja atauza vyote kwa hasara, na hasara hiyo haitaonekana katika hesabu za chuo, lakini itaonekana katika uso wake kila asubuhi atakapofungua maabara. Laiti wakuu wa vyuo wangewapeleka wajumbe kabla ya lori la kwanza, mhadhiri mmoja, karani mmoja, mlinzi mmoja na mama mmoja wa nyumbani, wakakae Kibaoni siku tano, waulize kodi ya chumba, waonje maji, waione shule, kisha warudi wawaeleze wenzao kwa lugha ya nyumbani. Nauli ya watu wanne ni fedha kiasi gani mbele ya mamilioni ya Dola?

Alhamisi iliyopita lori lilisimama mbele ya kibanda ninachonywea chai. Aliteremka kijana wa miaka thelathini na kitu, akanisalimu, "Shikamoo mzee." Nikamwitikia, nikampisha kwenye benchi. Alikuwa fundi sanifu wa maabara, anakwenda kuanza kazi mpya ng'ambo ya hifadhi, na mkewe alikuwa mbele ya lori na mtoto aliyelala. Nikamwuliza swali langu la siku zote.

"Niliambiwa mwezi wa pili, mzee," akasema. "Mkuu wangu aliniita, akanieleza mwenyewe. Akaniambia nyumba bado haijapatikana, lakini yeye anatangulia."

Kabla hajamaliza chai simu yake ililia. Aliisikiliza, akacheka kidogo, akaniwekea sauti nisikie nami. Ilikuwa sauti ya mwanamume mtu mzima, yenye upepo nyuma yake. "Mmefika wapi? Sitalike? Haya, msichelewe, hifadhini msikimbize gari. Umeme leo haupo. Funguo ninazo mimi, niko hapa mlangoni, na mama ameweka wali jikoni."

Mkewe aliteremka na chupa ya maji ya kunywa iliyobaki nusu, akapanda gurudumuni, akapekua turubai, akayamimina maji yote katika kopo la rangi lililokuwa na mche wa mpapai wenye majani matatu. Dereva akapiga honi. "Fungeni vioo," akasema, "ndorobo wa humu wanapenda wageni." Wakafunga, lori likashika njia ya Kibaoni, na jani moja la mpapai likawa linapunga nje ya turubai mpaka vumbi likalificha.